Nyota za Sindano

Bamba lilinuka samli.

Nilikuwa nimeliweka juu ya sahani ya moto lipate joto kabla ya kulipaka wino, kama nifanyavyo kila msimu, na badala ya ile harufu kali ya shaba na tindikali ikanijia harufu ya jikoni kwangu. Nikainama, nikanusa tena. Ilikuwa samli, tena samli iliyochemshwa na mchaichai, na katika uwanda mzima wa Kitulo sijui mwanamke mwingine anayeipika hivyo. Nikamtazama Bwana Mpangala, mkaguzi wa Mamlaka ya Pazia, aliyekuwa amekaa kwenye stuli karibu na dirisha akifuta miwani yake kwa ncha ya shati.

"Vipi, fundi? Mbona umesimama?"

"Nasubiri lipate moto."

Mtu wa Mamlaka humwambii jambo mpaka ujue atalipeleka wapi. Nikachukua wino, nikaupaka bamba zima mpaka likawa jeusi, kisha nikaanza kulifuta kwa kitambaa cha chandarua, taratibu, kwa kuzungusha, ili wino ubaki kwenye vishimo tu. Nikalilaza juu ya meza ya mashine, nikalifunika kwa karatasi mbichi, juu yake blanketi, nikazungusha gurudumu. Mpangala akavaa miwani akasogea. Huwa anasogea hapo tu, kwenye utamu. Kazi ya kufuta wino haijawahi kumvuta.

Nikainua karatasi kwa pembe zake mbili.

"Zimeongezeka," akasema Mpangala kwa sauti ya chini. "Fundi, zimeongezeka."

Kweli zilikuwa zimeongezeka. Katika chapa zetu anga ni jeupe na nyota ni nyeusi, kwa kuwa nyota ni kishimo na kishimo hushika wino. Ipyana, binti wa jirani, ambaye kama watoto wote wa kijiji chetu cha Igolwe hajawahi kuiona nyota yenyewe, aliwahi kuniuliza kama siku Pazia likiondoka nyota hazitamchafulia nguo. Siku ile nilicheka. Sasa nilitazama karatasi iliyojaa nukta nyeusi, nyingi kuliko za msimu uliopita, na kicheko sikukiona.

"Weka sahihi basi, nikawatangazie."

"Sahihi ni baada ya chapa zote kutoka. Watu watakusanyika alasiri, sasa haraka ya nini? Utaratibu unaujua."

Aliujua, maana ni wao walioutunga. Pazia lilitandazwa kabla sijazaliwa, vumbi jembamba lililomwagwa juu kabisa ya mawingu ili kuikinga dunia iliyokuwa inaungua. Dunia ikapoa. Kisha mwanga ukawa haba, mazao yakadumaa, na Mamlaka ikaahidi kulipunguza Pazia kidogo kidogo. Lakini nani angeamini kwamba linapungua? Mara ya kwanza walituletea picha kwenye kioo cha mkononi, anga limejaa nyota tele, na wazee wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mashine zile zile zilikuwa zinaweza kukuchorea marehemu babu yako anakula ugali mwezini, nawe ukaapa kwamba ndiye. Hakuna tena aliyeamini picha ya mashine, mahakamani wala msibani. Ndipo Mamlaka ikarudi kwenye shaba. Bamba hupakwa dawa na kuachwa ndani ya kamera kubwa kilimani. Pale mwanga wa nyota unapogusa, dawa huachia, na tindikali ikimwagwa huchimba kishimo. Hakuna mkono wa mtu unaochora. Nyota hujichora zenyewe, mimi nazichapa.

Wakahitaji pia watu wawili wasioweza kula njama, mmoja wa kunasa nyota na mwingine wa kuchapa, na hapo ndipo walipotuona sisi. Anayenasa nyota kule juu, kwenye kibanda tunachokiita Dungu, ni baba wa mume wangu. Kwetu Wanyakyusa mwanamke hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, na jina lake halitamki. Hata hapa sitaliandika. Wengine wameiacha mila hii, sisi wa Igolwe tumeing'ang'ania. Nimeolewa katika boma lile kwa miaka mingi na sijui uso wa mkwe wangu ukoje. Nikisikia kikohozi chake njiani naingia kwenye majani, naye akiona kanga yangu kwa mbali anageuka. Mamlaka walifurahi kama waliookota almasi. Walikuwa wamepata walinzi wasiohitaji kulindwa.

Bamba hushuka kutoka Dungu ndani ya sanduku lenye kufuli na funguo mbili. Mmoja anao mkwe wa kufungia, mwingine ninao mimi wa kufungulia. Anayelibeba ni Gwakisa, mume wangu, kwa kuwa lazima awepo mtu wa kulibeba.

Nikaendelea kuchapa. Mpangala alirudi kwenye stuli yake akawa anapiga mluzi, na mluzi wake ukanizidishia wasiwasi. Mtu huyu alikuwa amekwisha kuniambia kwamba nyota zikiongezeka Igolwe atapewa kituo kizuri, mjini, kwenye umeme wa uhakika. Kila karatasi niliyoinua niliitundika kwenye kamba, na kila niliyoitundika niliilinganisha na ya kwanza. Mwanzoni nilidhani macho yangu yamechoka. Kisha nikaishusha ya kwanza, nikaiweka mezani bega kwa bega na ile iliyotoka wakati ule. Nyota nyingine zilikuwa zinafifia. Si zote. Kundi la Kilimia lilikuwa pale pale, jeusi na kali, lakini pembeni mwake nyota zilizokuwa nene kwenye karatasi ya kwanza sasa zilikuwa vivuli tu.

"Bwana Mpangala, hebu njoo utazame. Unaona tofauti?"

Akatazama karatasi moja, akatazama nyingine, akashika kidevu. "Wino tu huo umepungua. Ongeza wino."

Sikujua kama anajifanya au haoni kweli. Nikalisafisha bamba kwa mafuta ya taa, nikafumba macho, nikapitisha kidole gumba juu yake. Nyota iliyochimbwa na tindikali huisikii kidoleni, ni kishimo laini kisicho na kingo. Hizi zilinikwaruza.

Sindano ikichimba shaba haiitoi, huisukuma pembeni, na hapo pembeni hubaki ukingo mwembamba ambao mafundi tunauita ukoko. Ukoko hushika wino mwingi, ndiyo maana nukta ya sindano hutoka nene na yenye manyoya, inapendeza kuliko ya tindikali. Ila mashine huulaza. Kila karatasi inayopita, ukoko unazidi kulala, mpaka nukta inakufa yenyewe. Na mtu anayechoma kwa sindano hupaka mafuta na masizi kwenye nukta zake ili azione anapoendelea, vinginevyo shaba inang'aa na kumpoteza. Kumbe samli ilikuwa imeingia humo. Mtu alikuwa amekaa na bamba la anga, sindano mkononi na samli yangu pembeni, akatuongezea nyota. Alijua kazi, lakini alikuwa mtu wa kuchapa karatasi moja au mbili. Hakuwaza kwamba nyota zake zitachoka kabla yangu.

"Bwana Mpangala," nikasema huku nikifuta mikono, "wewe unakula samli?"

"Mimi? Daktari alishanikataza mafuta yote ya ng'ombe. Unataka kunikaribisha chakula?"

"Nilikuwa nauliza tu."

Akanitazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Kisha akasema anakwenda kula na kupumzika, na kwamba alasiri atanikuta na sahihi. Alipotoka nikaifunga karakana kwa kufuli, jambo ambalo sijawahi kulifanya mchana.

*

Gwakisa alikuwa kwenye ghala la mbegu, amechuchumaa katikati ya matenga, akichambua viazi vilivyochipua. Kijiji kilimchagua yeye kusimamia mbegu kwa kuwa ana mkono mwepesi. Havunji chipukizi hata moja. Ni mikono ile ile iliyonichorea maua ya Kitulo kwenye vipande vya shaba wakati wa uchumba, akawa ananiletea chapa moja moja kila Jumapili.

"Zimetokaje?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nyingi."

"Unaona sasa." Akaweka kiazi kwenye tenga. "Tunapanda."

Hilo ndilo lililokuwa linasubiri sahihi yangu. Nyota zikiongezeka kuliko msimu uliopita, maana yake Pazia linapungua, jua litatosha, na Igolwe itabaki na kupanda. Zikipungua, Mamlaka itateremsha malori, nasi tutahamishiwa kwenye kambi za bondeni Usangu mpaka hapo uwanda utakapofaa tena. Msimu uliopita zilionekana zimeongezeka kidogo, tukapanda, na tulichovuna kilikuwa viazi vya ukubwa wa kokoto. Watu walisema ni ukungu. Mbegu zilizokuwa mbele ya Gwakisa ndizo za mwisho. Tukizifukia chini ya jua lisilotosha, zitaoza, na mvua zitakuwa zimekwisha kukata barabara. Hapo hatutakuwa na mbegu, wala chakula, wala lori.

"Baba Tusa," nikasema, "mzee anaendeleaje na chakula ninachompelekea? Samli inamtosha?"

"Inamtosha. Analamba mpaka kopo."

"Bamba linanuka samli."

Mkono wake ukasimama juu ya tenga, kidogo tu, ukaendelea. "Si anakula pale pale anapofanyia kazi? Unamjua mzee."

"Simjui. Wewe ndiye unayemjua."

"Basi ndivyo alivyo." Sasa akainua uso, akatabasamu, lakini macho yake yalikwenda mlangoni kabla ya kufika kwangu. "Mama Tusa, usianze mambo yako ya kunusanusa. Weka sahihi watu wapande."

Nikamwambia sawa. Nilitoka nikiwa na jibu, na jibu hilo lilinichoma: mkwe wangu, mtu ambaye nimemheshimu kwa kumkimbia maisha yangu yote ya ndoa, ndiye anayetughushia anga. Niliona wazi sababu yake. Mama mkwe tulimzika msimu uliopita, na kaburi lake liko chini ya kilima kile kile. Mzee hataki kumwacha. Nilimhurumia, kisha nikamkasirikia kwa sababu alikuwa ameitumia heshima yangu kama kichaka cha kujifichia. Alijua kwamba mkamwana wake hawezi kupanda kilima kumwuliza.

Nikarudi karakana, nikalitia bamba ndani ya kanga, nikapanda kilima.

*

Kitulo kuna baridi hata mchana, na jua la Pazia halisaidii kitu. Ni weupe tu uliotanda, usioumba kivuli. Nilipita kwenye nyasi nikiwa nimelikumbatia bamba kifuani, nikitazama nyuma kila mara nisije nikafuatwa na mkaguzi. Mtu wa Mamlaka angeniona pale, mimi na mkwe tungepoteza kazi jioni ile ile. Kikohozi kilisikika ndani ya Dungu, na miguu yangu ikataka kuingia majanini yenyewe. Nikailazimisha. Nikafika mlangoni, nikajifunika kichwa, nikageuka nikaupa mlango mgongo, nikachuchumaa.

"Ewe mlango," nikasema, "mwambie mwenye nyumba kuna mtu wa karakana hapa nje."

Bibi zetu walifanya hivyo pale ambapo hapakuwa na namna nyingine, nyumba ikiwaka moto au mtoto akianguka mtoni. Nikasikia kitu cha chuma kikiwekwa mezani, kwa uangalifu.

"Mlango," sauti ya mzee ikasema hatimaye, "mwulize mtu huyo kama kuna msiba."

"Mwambie msiba bado. Kuna bamba."

"Bamba lina nini?"

"Mwambie mwenye nyumba kwamba bamba lake linanuka samli yangu."

"Samli gani?" Aliusahau mlango kabisa. Kisha akakohoa, akajirudi. "Mlango, mwulize anasema samli gani."

"Ninayomtumia kila siku na chakula."

Upepo ulinipiga usoni, na nikaanza kujuta kwa nini nimekuja.

"Mlango, mwambie mkamwana kwamba tangu tumzike mama yao sijatia samli mdomoni. Niliahidi hivyo kaburini. Nilimtuma mwanangu amwambie asinitumie tena."

"Kopo linarudi tupu," nikasema.

"Huku halijafika hata siku moja."

Nilisikia maneno yale nikabaki nayo. Sikutaka kuyaelewa. Nikalitoa bamba kwenye kanga, nikalisukuma nyuma yangu bila kugeuka, kupitia kidirisha cha chini ambamo chakula hupitishwa. Lilipokelewa. Nilijua anachokifanya humo ndani kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekifanya asubuhi: anapitisha kidole gumba, polepole, kutoka pembe moja hadi nyingine.

"Hizi si zangu," akasema.

"Zako zilikuwa ngapi?" Nami sasa nilikuwa nimeusahau mlango.

"Chache. Chache kuliko za msimu uliopita. Tindikali ilipomaliza kuchimba nikatazama, nikajua tunahama. Nikalifunga sanduku, nikakaa hapa nikalia."

"Na msimu uliopita?"

"Msimu uliopita pia zilipungua." Akavuta pumzi. "Wewe huwa unanitumia chapa ya mwisho ya kila bamba. Ya kwanza inatundikwa kwenye ukumbi wa kijiji. Siku ya kumzika mama yao nilishuka, nikaingia ukumbini, nikaiona ile ya kwanza. Ilikuwa na nyota ambazo yangu haina. Nikajua ni wewe."

"Mimi?"

"Nani mwingine ana wino na karatasi? Nikasema, mkamwana ana huruma. Mama mkwe wake alikuwa hoi kitandani, asingeiweza safari ya lori, kwa hiyo ameongeza nyota ili tubaki. Nikanyamaza. Nilitaka kukushukuru, na nilitaka kukusuta, na vyote viwili haviruhusiwi. Ningemwambia nani? Mwanangu? Nilihofu angekufukuza."

Nikaweka mkono mdomoni. Msimu ule nilichapa kwa haraka, nikikimbilia nyumbani kumgeuza mama mkwe, na sikusikia harufu wala sikutazama kitu. "Mimi nami nimepanda kilima hiki leo nikijua ni wewe," nikasema.

Hatukulitaja jina la Gwakisa, si yeye wala mimi. Ufunguo wangu hulala juu ya kabati la chumba chetu. Mamlaka iliwalinda watu wawili wasiokutana, ikamsahau yule anayekwenda na kurudi kati yao. Na sisi wawili kwa adabu yetu tukamwachia njia nyeupe.

"Mtoto wangu huyu," mzee akasema.

Kanuni tuliijua sote. Bamba likitiliwa shaka, linafutwa: mnasa nyota anapitisha mstari wa sindano kutoka pembe hadi pembe, mchapaji anapitisha wa pili, na msalaba ule ukishachimbwa, bamba halitatoa chapa safi tena hadi kiyama. Mstari mmoja hautoshi. Na likifutwa, Mamlaka huuliza ni nani, maana aliyeghushi anga hufungwa.

"Ipo njia," nikasema haraka. Nilikuwa nimeifikiria nikiwa njiani, kwa ajili yake yeye, na sasa nikaitoa kwa ajili ya mume wangu. "Ukoko unakufa. Nikichapa tena na tena nyota zake zitaisha zote, zitabaki za kweli. Niweke sahihi kwenye hizo. Kijiji kitajua ukweli, malori yatakuja, na hatafungwa mtu."

"Mkaguzi ameiona ya kwanza?"

"Ameiona. Anadhani ni wino umepungua."

"Na ile iliyoko ukumbini? Iliyotupandisha mbegu tukavuna kokoto?"

Nilisikia hasira. Nilitaka awe baba tu, aseme mfiche mwanangu, nami nimfiche, tushuke Usangu wote pamoja nikiwa na mume wangu kando yangu. Nani angedhurika? Lakini nilijua pia kwamba mtu aliyetutilia nyota mara mbili angetutilia na mara ya tatu, huko huko bondeni au popote, kila mara kwa sababu nzuri. Na safari hiyo ningekuwa nimemfundisha mimi jinsi ya kutokamatwa.

"Watamfunga," nikasema.

"Watamfunga."

"Nawe utaliacha kaburi."

"Nalitazama kila asubuhi kwenye dirisha hili," akasema. "Usiniulize mambo hayo."

Kisha nikasikia sindano. Kila fundi anaijua sauti ile, shaba ikilia chini ya chuma, lakini sikuwahi kuisikia ikienda mbali vile bila kupumzika. Ilianza, ikapita, ikafika mwisho. Bamba likarudi kupitia kidirisha likanigusa kisigino. Mstari ulikuwa umekata anga lote, umepita katikati ya Kilimia, umepita juu ya nyota za mwanawe na juu ya nyota zake mwenyewe. Sindano ilikuwa imelazwa juu yake.

"Malizia, mwanangu," akasema.

Mkwe hamwiti mkamwana hivyo. Nikaishika sindano, nikalilaza bamba juu ya nyasi na kupitisha wa kwangu. Haukunyooka kama wake.

*

Niliporudi karakana nilipaka wino, nikafuta, nikachapa karatasi moja tu. Msalaba ulitoka mweusi, mnene, ukoko wake ukiwa mpya kabisa. Chini yake nikaweka sahihi. Nikaitia chapa ile sandukuni pamoja na bamba, nikakaa kumsubiri mbebaji.

Gwakisa aliingia akiwa amevaa koti lake la kanisani. Nje watu walikuwa wamekwisha kukusanyika na matenga, na sauti ya Mpangala ilisikika ikiwatania wanawake kuhusu viazi.

"Limepita?" akauliza.

"Fungua utazame."

Akafungua. Nilitegemea atakasirika, au ataanza kujitetea. Alikaa tu juu ya stuli ya mkaguzi, chapa ikiwa magotini.

"Samli ilikuwa inakwenda wapi, Baba Tusa?"

"Nilikuwa naichanganya na masizi." Alisema hivyo kama mtu anayetoa maelekezo ya upishi. "Mama asingefika Usangu akiwa hai. Ulimwona mwenyewe."

"Nilimwona."

"Na sasa nimwache peke yake huku juu? Kwa sababu ya nukta?"

"Kwa sababu ya watu walioko nje na mbegu zao za mwisho. Wewe ndiye umezichambua."

Akapangusa uso kwa kiganja. Nilimpenda wakati ule, nalisema bila aibu, na nilikuwa namwogopa vile vile. "Tulikuwa na nafasi ya kuzungumza," akasema. "Mimi na wewe, chumbani. Ungeniambia ningelifuta mwenyewe. Sasa umekwenda kuchora msalaba, na mstari wa pili umeughushi, kwa kuwa najua hukukutana na baba. Huwezi. Nitawaambia hivyo. Nitawaambia bamba halijafutwa kihalali."

"Utazame vizuri."

Akaipeleka karatasi dirishani. Anaujua mkono wa baba yake; ndiye aliyemfundisha kushika sindano akiwa mdogo, kabla ya sanduku na funguo zake. Alitazama mstari mmoja, ule wa kwangu uliopinda, akauacha. Akatazama ule mwingine. Akaufuata kwa kidole kutoka pembe ya juu mpaka ya chini, na kidole kilipofika mwisho hakikuondoka pale.

"Alikataa kwanza?" akauliza. "Ulimbembeleza?"

"Ameanza yeye."

Mpangala akagonga mlango akisema watu wanasubiri. Gwakisa akairudisha chapa sandukuni, akafunga kifuniko, akasimama akitazama kufuli kama aliyesahau linafanyaje kazi.

"Nani atawapelekea?" akauliza.

"Wewe ndiye mbebaji."

Akaliinua sanduku begani, akatoka nalo uani, na watu wakampisha kwa vigelegele.